Boti Haiendeshwi na Mjane

Mnyororo ulikuwa mpya, bado unanuka mafuta ya dukani. Ulizunguka nguzo ya gati, ukapita kwenye pete ya mbele ya boti, ukaishia kwenye kufuli kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Na ufunguo, wasomaji wangu, ulikuwa unaning'inia kwenye kidole cha shemeji mtu.

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Chambo wiki iliyopita: asubuhi ya Jumapili, amesimama gatini na ndoo ya chambo mkononi, na nyuma yake familia ya wageni waliokuja kuvua samaki nusu siku. Wengine wangecheka, wengine wangelia. Mama Chambo hakufanya hata moja.

"Nimesema na narudia," shemeji mtu akasema. "Boti ya marehemu kaka yangu haiendeshwi na mjane."

Kwa anayetufuata leo kwa mara ya kwanza: huyu shemeji watu wa gatini humwita Meneja. Hajawahi kusimamia chochote maishani mwake, hata kuku, lakini hapungukiwi na kalamu kwenye mfuko wa shati. Kaka yake, mume wa Mama Chambo, alifariki kwa maradhi mwaka jana. Tangu matanga yalipokwisha, Meneja ameizunguka boti ile kama paka anayezunguka jiko la samaki. Kesho Jumatatu kesi ya nani mwenye boti inasikilizwa mahakamani. Meneja ameona kesho ni mbali.

"Shemeji, fungua," Mama Chambo akasema taratibu. "Wageni wanasubiri."

"Hawatasubiri. Nimewaletea nahodha wao."

Akatoka kivulini mwanamume mwenye kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu mbele. Kofia ile ilikuwa safi mno. Nahodha mwenye kofia safi namna ile, ama amefika baharini jana, ama kazi zake hufanywa na wengine. Upande wa pili wa gati iliegeshwa boti yake, kubwa, nyeupe, yenye injini mbili.

"Karibuni huku," Meneja akawaambia wageni kwa sauti ya asali. "Viti vya sponji. Muziki upo. Mtoto atafurahi."

Wageni wenyewe walikuwa watatu. Mwalimu wa hesabu, mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya majani. Mkewe, mwanamke mtulivu aliyevaa miwani ya jua na asiyependa maneno mengi. Na binti yao aliyeng'oka meno mawili ya mbele, ambaye Mama Chambo alikwisha mpa jina la Pengo, naye akalipokea kama zawadi. Walikuwa wamehamia mjini juzi juzi tu, makasha ya vyombo bado hayajafunguliwa sebuleni.

Mwalimu aliviangalia vile viti vya sponji kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa. Akamgeukia mkewe.

"Unaonaje?"

"Sisi tulizungumza na mama huyu," mkewe akajibu. "Kama hatatupeleka, atuambie yeye."

Mama Chambo akaiweka ndoo chini.

"Nawapeleka. Nivumilieni kidogo." Akageuka. "Kimya, nenda kwa fundi wa injini pale mwisho wa gati. Mwambie aniazime msumeno wa chuma."

Kimya ni baharia wake. Jina hilo alipewa kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kunyamaza ila akilala, na akilala hukoroma.

"Msumeno wa nini, mama? Maana fundi atauliza, na fundi ukimjua, akianza kuuliza haishii hapo, mara ya mwisho nilimwomba bisibisi akaniuliza mpaka ukoo wa—"

"Nenda, Kimya."

Msumeno ukaja. Mama Chambo akapiga goti kwenye mbao za gati, akaweka meno ya msumeno juu ya pingili ya mnyororo, akaanza kukata. Kree, kree, kree. Na huku anakata, akawageukia wageni wake na kuwapa maelezo ya safari, kama afanyavyo kila asubuhi.

"Kwanza, kila mtu atavaa jaketi la kujiokolea. Asiyevaa haondoki na mimi, hata awe nani."

"Unaharibu mali," Meneja akasema.

"Pili, boti ikiwa inakwenda hakuna kusimama. Mkitaka kuwaona samaki, wataletwa mlipokaa."

"Nitamwita askari."

"Tatu, ukisikia kichefuchefu usione haya. Tazama mbali, kule maji yanapokutana na mbingu. Usitazame ndani ya ndoo ya chambo."

Mwalimu, aliyekuwa amekwisha tazama ndani ya ndoo ya chambo, akameza mate.

"Na nne?" akauliza Pengo.

"Nne, ukivua samaki mdogo unamrudisha majini. Naye ana mama yake."

Pingili ikakatika. Mama Chambo akainuka, akapangusa unga wa chuma magotini, akaukusanya ule mnyororo wote na kumning'inizia Meneja begani kama taulo.

"Mnyororo ni wako, shemeji, nakurudishia. Boti ni yangu, naondoka nayo."

Watu wa gatini wakacheka. Hata mwenye kofia nyeupe alijikuna pua ili kuficha mdomo. Lakini Meneja hakuwa amemaliza. Aliishika kamba ya boti kwa mikono miwili, na usoni mwake ukaja utulivu wa mtu aliyebakiza karata moja.

"Subiri kidogo. Mimi unaniona mtoto. Nimempigia simu aliyemzaa mwenye boti. Huyo pia utamkatia kwa msumeno?"

Akaonyesha kwa kidevu.

Mwanzoni mwa gati, polepole, na fimbo yake mkononi, alikuwa anakuja mama mkwe.

Vicheko vikafa. Tangu mazishi, Meneja alimchukua mama yake akakaa naye, na tangu hapo mkwe na mkwe hawakuwahi kukaa chini wakazungumza. Chuma unaweza kukikata. Mama wa mume wako hakatiki. Akisema "shuka", unashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mama mkwe aliutazama mnyororo begani kwa mwanawe. Akaitazama boti. Akamtazama mkwewe aliyeloa jasho, msumeno bado mkononi.

"Nani atanipa mkono?" akauliza. "Gati hili limekuwa refu kwenda chini kuliko zamani."

Meneja akamkimbilia. "Njoo kivulini, mama. Sema neno lako moja tu, watu wasikie, kisha nikurudishe nyumbani."

"Sitaki mkono wa kivulini. Nataka mkono wa kuingilia botini."

Kimya alikwisha ruka ndani na kumnyooshea mkono. Mama mkwe akashuka, akakaa, akafunga jaketi lake bila kuambiwa, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Mama, unakwenda wapi?" Sauti ya Meneja ilipanda juu kidogo.

"Kuvua."

"Wewe tangu lini unavua?"

"Na wewe tangu lini unaongoza, mbona tunakuita Meneja?"

Kamba ikateleza mikononi mwa Meneja yenyewe. Kabla hajaikamata tena, injini ilikwisha waka.

Ghuba ilikuwa tulivu asubuhi ile. Mama Chambo alitia nanga karibu na gati la zamani, lile lililovunjika, ambalo nguzo zake zimeota chaza na samaki hupenda kula pembeni mwake. Ndiyo maana familia nyingi humtaka yeye: haendi mbali, haendi kwenye mawimbi, na mtoto akitaka kujisaidia nchi kavu iko pale pale.

Mwalimu alianza kutapika kabla mshipi wake haujagusa maji. Alitapika kwa adabu, akiomba radhi kila baada ya mkupuo, mara kwa mkewe, mara kwa Mama Chambo, mara kwa samaki.

Pengo akanasa tasi mkubwa kama kiganja cha baba yake. Alimshika kwa mikono miwili, hakupiga kelele, alimtazama tu samaki machoni.

"Huyu ni mkubwa au ana mama yake?"

"Huyu ndiye mama," Kimya akamwambia. "Tia ndooni."

Lakini aliyekuwa anavua kweli kweli ni mama yake Pengo. Alikaa kimya na miwani yake, akatupa, akangoja, akavuta. Kila akivuta kuna kitu. Kimya hakuvumilia.

"Samahani, dada, unafanya kazi gani huko mlikotoka?"

"Ya kukaa na kusikiliza watu."

"Kama kinyozi."

"Karibu hivyo," akasema, akatupa tena.

Nyuma, karibu na injini, mkwe na mkwe walikuwa bega kwa bega kwa mara ya kwanza tangu kaburini.

"Umekuja kwa nini, mama?"

"Huyu mwanangu anataka kesho nisimame mbele ya hakimu, niseme kaka yake aliiunda boti hii peke yake, na wewe kazi yako ilikuwa kumchemshia chai."

"Na utasema?"

"Nimemsemea uongo huyu mtoto tangu alipovunja chungu cha jirani. Nimechoka. Kesho nasema ninachokijua. Injini hii ilinunuliwa kwa fedha za shamba uliloachiwa na baba yako. Mbao mlizipigilia pamoja uani kwangu, nikawa silali kwa nyundo zenu. Na nitasema marehemu mwanangu alikuwa haoni."

Mama Chambo akageuka kutazama kama wageni wamesikia.

Hili, wasomaji, hamjawahi kuambiwa. Na hata gati zima halikulijua. Miaka ya mwisho ya uhai wake, macho ya yule nahodha yalianza kwa ukungu na kuishia kwa giza. Alimwambia mkewe: wakinitoa majini watakuwa wamenizika kabla sijafa. Basi kila asubuhi alisimama mbele ya usukani na shati lake lililopigwa pasi, akawapungia watu mkono. Na chini yake, amekaa kwenye kasha la nyavu, mkewe ndiye aliyeushika usukani. Yeye alisimama, mkewe alikaa. Watu walimwona aliyesimama. Siri hiyo ilikuwa ya wanne: mume, mke, mama mtu, na Kimya.

"Mama," Mama Chambo akasema chini kwa chini, "ukisema hivyo boti naipata na kazi naikosa. Leseni wakati ule ilikuwa ya kwake. Mimi yangu niliipata baada ya kumzika. Miaka yote ile nilibeba watoto wa watu bila leseni. Hakimu akisikia, hiyo hiyo kesho ananishusha."

"Basi unataka niseme uongo kwa ajili yako, kama nilivyokuwa nausema kwa ajili yake?"

Mama Chambo alivuta mshipi wake; chambo kilikwisha liwa zamani.

Mama yake Pengo, aliyekuwa amekaa katikati ya boti, akachukua mshipi wake, akamshika binti yake mkono, wakahamia mbele kabisa. Alikaa huko amewapa mgongo, kama mtu aliyepita mlango wa chumba cha watu akaukuta wazi.

Hapo ndipo muungurumo uliposikika.

Boti nyeupe ilikuja ikiwa imeinua pua. Mwenye kofia nyeupe kwenye usukani, na mbele yake, amesimama, bila jaketi, Meneja na kipaza sauti.

"Rudisha chombo cha familia gatini," kipaza sauti kikakoroma. "Nasema rudisha."

Ikawazunguka kwa karibu. Wimbi likapiga ubavu, boti ndogo ikalala upande na kuinuka. Ndoo ya samaki ikapinduka. Pengo akateleza kwenye mbao na kwenda moja kwa moja ukingoni, na mama yake akamdaka kwa mkanda wa jaketi. Miwani ya jua ikaanguka majini. Ikawa mara ya kwanza kwa watu wa boti ile kuyaona macho ya mwanamke yule, na hayakuwa macho ya mtu wa kuchezewa.

Boti nyeupe ikageuka ili izunguke tena.

Mama Chambo akavuta nanga, akakaa kwenye usukani.

"Mmekaa wote? Nisikilizeni. Niliwaahidi mpaka mchana, na mchana haujafika. Lakini huyu bwana ana ugomvi na mimi, si na ninyi. Mkisema turudi, nawarudisha sasa hivi na sitanung'unika."

Kimya akatazama sakafu. Mama mkwe akatazama fimbo yake. Na kutoka ukingoni, ambako kwa muda wote hakikusikika kitu ila kuombwa radhi, kikainuka kichwa cha Mwalimu. Uso wake ulikuwa na rangi ya jani la mgomba.

"Mimi sijui kama nitafika mchana nikiwa hai," akasema. "Lakini yule na kipaza sauti chake hanirudishi. Endelea."

Mkewe alimtazama kama mtu anayemwona bwana harusi upya.

Mama Chambo akaendelea. Aliipeleka boti nyuma ya gati lililovunjika, kwenye ghuba ya ndani, ambako mawimbi hayafiki. Mlango wake ni mkondo mwembamba, na kushoto kwake kuna fungu la mchanga ambalo maji yakiwa yanakupwa, kama yalivyokuwa yanakupwa saa ile, hujificha chini kidogo tu. Anayepajua hupita kulia, taratibu.

Mwenye kofia nyeupe alipaona, akapunguza mwendo. Nahodha hata awe mgeni, maji yakibadilika rangi moyo humwambia.

"Unapunguza nini?" Meneja akamfokea. "Mwanamke amepita na boti ya mbao, wewe una injini mbili unaogopa?"

Mwenye kofia akaongeza. Akapita kushoto.

Boti ikasimama kama iliyoitwa jina. Meneja hakusimama. Alipaa mbele na kipaza sauti chake, akaangukia upande wa mkondo, pale maji yanapotoka ghubani kwa kasi kwenda baharini.

Mwanzoni Kimya alicheka. Kisha kichwa cha Meneja kikazama, kikaibuka mbali zaidi, kikazama tena, na mikono yake ikawa inashika hewa.

"Haogelei," mama mkwe akasema. Hakupaza sauti. Fimbo ilimdondoka. "Mwanangu haogelei."

Mama Chambo alikwisha geuza boti. Hakufikiri mnyororo wala mahakama. Alifikiri upande gani maji yanavuta. Alimpita, akageuka, akamngoja kule mkondo unakomleta, akazima injini, akarusha boya. La kwanza likampita. Akavuta kamba, akarusha tena, na safari hii vidole vikakamata.

"Shika tu. Usipande. Shika tu, shemeji."

Kimya na Mwalimu wakamvuta mpaka ndani. Alianguka sakafuni katikati ya samaki, akatapika maji, na Mwalimu, kwa mazoea, akamwomba radhi.

Pengo alikuja na jaketi mkononi.

"Vaa," akamwambia. "Asiyevaa haondoki na sisi."

Meneja akavaa.

Mwenye kofia nyeupe alipewa ushauri kwa mbali: azime injini, angoje maji yajae, ataelea mwenyewe. Alivua kofia, akaiweka kifuani kama anashukuru. Boti ndogo ikaelekea gatini.

Mngedhani mtu aliyetolewa kwenye mdomo wa kifo angesema asante. Meneja alikaa amejikunja, meno yakigongana, akimtazama mama yake aliyekuwa anamfuta kichwa kwa ncha ya mtandio kama mtoto. Aibu ilimwingia, na aibu kwa watu wengine hugeuka sumu.

"Usidhani kwamba kunivuta kumebadilisha kitu," akasema. "Kesho iko pale pale. Kaka yangu ndiye aliyekuwa nahodha wa boti hii. Wewe ulikuwa abiria."

"Basi," mama yake akamwambia. "Pumzika."

"Abiria tu. Mwanamke wa kubeba chai."

Sasa, wasomaji, Kimya huyu mnayemjua kwa mdomo, kuna jambo moja tu duniani alilowahi kulinyamazia. Alilinyamazia miaka. Alilinyamazia msibani, alilinyamazia vijiweni, alilinyamazia hata kwa mkewe. Mchana ule likamshinda.

"Kaka yako alikuwa haoni hata kiganja chake mwenyewe," akasema. "Alisimama pale kama sanamu. Huyu unayemwita abiria ndiye aliyekuwa anaendesha. Kila siku. Nilikuwepo. Kama si yeye, kaka yako angeipandisha boti hii juu ya gati mpaka dukani."

Kimya akaweka mkono mdomoni, lakini maneno yakishatoka hayarudi kwa mkono.

Meneja akaacha kutetemeka.

"Rudia."

Kimya hakurudia. Ikawa mara ya kwanza jina lake kumfaa.

"Alikuwa haoni," Meneja akasema polepole, akilionja kila neno. "Na leseni ilikuwa yake. Kwa hiyo wewe, shemeji yangu, ulikuwa unawapeleka watoto wa watu baharini bila ruhusa ya mtu yeyote." Akatabasamu, maji bado yakimchuruzika kwenye nyusi. "Na hawa wageni wote wamesikia. Mama, huna haja ya kuja kesho. Shahidi nimempata."

"Usifanye hivyo," mama yake akasema.

"Si lazima nifanye. Mimi si mtu mbaya." Akamsogelea Mama Chambo. "Niachie boti leo, tukifika tu, bila kelele. Mimi nitakuwa nimesahau nilichosikia. Leseni yako utabaki nayo, utafute boti nyingine uajiriwe. Usiponiachia, kesho unatoka mahakamani huna boti wala kazi."

Gati lilikuwa linakaribia. Mama Chambo alipunguza mwendo, macho yake mbele. Mama mkwe alimshika mkono, na mkono ule ulikuwa unamwambia: kubali, mwanangu, kubali uishi.

"Shemeji," Mama Chambo akasema, "usijisumbue kuniuliza kesho. Sitangoja kuulizwa. Nitasimama mimi mwenyewe na kusema: mume wangu aliingia giza, nami sikumtoa majini. Nilishika usukani bila leseni, nikijua. Kama ni kosa, ni langu, si la Kimya, si la mama, na si la marehemu. Lakini nitasema pia kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliyerudi kutoka kwenye boti hii na mkwaruzo, wala aliyeponea chupuchupu, mpaka leo, ulipokuja wewe. Wanichukulie leseni, nitafanya mtihani upya. Wakinikatalia, nitaomba tena. Boti sikupi. Uliitaka kwa mnyororo ukaikosa, unaitaka kwa vitisho utaikosa vile vile."

"Utaona."

"Nimeshaona. Miaka yote nilikuwa naona kwa watu wawili."

Ubavu wa boti ukagusa gati kwa upole, kama kawaida. Kimya akarusha kamba. Lakini hakuna aliyeinuka, kwa sababu mama yake Pengo alikuwa amesimama mbele yao wote, nywele zake zimelowa, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anataka kusema.

"Tafadhali, msiendelee kuzungumza habari ya kesho mbele yangu. Nilipoona mnyororo asubuhi nilidhani ni ugomvi wa gatini. Niliposikia neno hakimu nikahamia mbele nisisikie. Lakini boti ni ndogo, na sauti haizami majini. Nimesikia yote."

"Vizuri," Meneja akasema. "Basi uje useme."

"Nimehamishiwa mahakama ya mji huu. Naanza kesho asubuhi. Kesi ya kwanza niliyopangiwa ni ya boti."

Tabasamu la Meneja lilibaki usoni, lakini mwenye uso alikuwa ameondoka. Mama mkwe alikaa chini taratibu. Mwalimu akamshika binti yake bega. Yeye hakushangaa, alikuwa anamjua mkewe.

"Siwezi tena kuisikiliza," akaendelea hakimu. "Nitamwachia mwenzangu kiti. Na yeye akijua kwa nini nimeondoka, ataniita, na mimi nitakwenda kusimama pale wanaposimama mashahidi. Nitasema kuhusu mnyororo, na mawimbi, na mtoto wangu alipofikia ukingoni." Alimgeukia Mama Chambo, na sauti yake haikuwa ya urafiki wala ya uadui. "Na nitasema kuhusu leseni. Kila nilichokiona na kila nilichokisikia. Sitachagua, mama. Hata kwako wewe uliyemvua mtu majini mbele yangu, sitachagua."

Mama Chambo alizima injini. Akainuka, akampa Pengo mkono wa kupandia gatini, akamkabidhi ndoo yake ya samaki. Ndipo akamtazama yule mwanamke machoni.

"Usichague," akasema.